Guka wa Steshoni

Watu wa Nairobi wakisikia napanda treni Kikuyu kila asubuhi, wananiambia nina bahati. "Wewe unaishi ndani ya historia!" Historia gani, jamani? Mimi naishi ndani ya baridi. Alfajiri ya Julai, ukungu mpaka huoni viatu vyako, umesimama steshoni unapuliza vidole, halafu mtu akuletee habari za 1899!

Hiyo 1899 naijua. Reli ilitoka Mombasa, ikafika Nairobi mwezi wa Mei. Mahali tambarare, maji yapo. Si wangekomea hapo? Wapi! Walitaka Kisumu, na njiani tulikuwapo sisi na milima yetu. Kikuyu iko juu ya Nairobi kwa zaidi ya mita 300, na garimoshi halipandi kama mbuzi, lazima lizungushwe. Ndiyo maana mpaka leo tunapinda kulia, tunapinda kushoto, hata kuna nyumba moja huko Dagoretti nimeshaiona mbele, nyuma na ubavuni. Nguo zao za kuanikwa nazijua zote. Siku nikikutana na mwenye nyumba nitamuuliza lile blanketi lenye simba lilienda wapi.

"Si upande matatu?" mke wangu akasema. Nikapanda. Kufika Uhuru Highway tukaganda. Makanga akashuka, akanunua njugu, akala, akarudi akatukuta palepale. Na sasa sikia uchungu wenyewe: reli ya kwanza haikupitia Kibera. Ilipita hapohapo tulipoganda! Baadaye ikahamishiwa Kibera, magari yakarithi njia. Yaani nimelipa nauli nikae tuli mahali ambapo babu yangu angepita akinipungia mkono.

Nikarudi kwa treni, nikanyamaza. Reli yetu ina upana wa mita 1. Jirani yangu kitini ana upana huohuo peke yake, kabla hujahesabu gunia la kabichi. Katikati ya behewa amesimama mhubiri, jasho linamtoka na baridi yote hiyo, anamnyoshea kidole kila abiria: "Wewe unaelekea wapi? Na wewe je?" Mzee wa dirishani akafungua jicho moja. "Dagoretti," akasema, akalala tena.

Lakini hao wote nawavumilia. Nisiowaweza ni vijana wa kamera. Juzi wamejaa steshoni, wanapiga picha kuta, wanapiga picha reli, wanalalia tumbo wapate kutu vizuri. Msichana mmoja akaniita, "Guka, hebu songa kidogo, unaziba."

Guka! Yaani babu! Nina miaka 44!

Nikasonga. Akapiga, akaitazama picha, akakunja uso.

"Hapana, Guka, rudi. Bila wewe haikai ya zamani."