Bega linauma, mzani unaulizwa

Mama mmoja ninayemfahamu aliteleza, akaangukia mkono wake wa kulia. Wiki tatu zikapita, mkono ukawa bado haufiki usawa wa sikio, na usiku kila akigeukia upande ule anaamka kwa maumivu. Akapewa rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Mtaalamu alimtazama kuanzia mlangoni, akamuuliza ana kilo ngapi, akamwambia mwili ukipungua na maumivu yatapungua. Bega lilikuja kushikwa mwishoni, juu ya nguo, kwa dakika chache. Hakurudi tena.

Bega haliubebi mwili. Angeingia mtu mwembamba na bega lile lile, angepimwa mkono unaishia wapi kila upande, misuli ina nguvu kiasi gani, na angeondoka na mazoezi ya kufanya nyumbani. Kwangu mimi unyanyapaa wa uzito unaanzia hapo. Tusi halihitajiki, inatosha mtu apewe tiba pungufu kwa sababu ya umbo lake.

Na si kisa cha mtu mmoja. Mwaka 2014 Jenny Setchell na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wataalamu 265 wa fiziotherapia nchini Australia. Ulionyesha kuwa unyanyapaa huu umo ndani ya taaluma, na mara nyingi kwa sura ya upole: kudhani kwamba uzito ni uamuzi wa mtu tu, kuukazania hadi mambo mengine yasahaulike, na kutoa maagizo badala ya kuzungumza na mgonjwa. Hao ni watu walioichagua kazi hii kwa kupenda kusaidia. Ndiyo maana tatizo ni gumu kuling'oa: anayelitenda anaamini anamjali mgonjwa.

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuipuuza. Wapo wanaouliza: je, tunyamaze? Goti lililosagika linaumia zaidi chini ya uzito mkubwa, na hilo limepimwa. Utafiti wa Stephen Messier na wenzake wa mwaka 2005, kwa watu wenye umri mkubwa na magoti yaliyosagika, ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mwaka 2013 timu yake ikatoa matokeo ya watu 454 waliofuatiliwa kwa miezi 18: waliobadili mlo na kufanya mazoezi kwa pamoja walipata nafuu kubwa ya maumivu kuliko waliofanya kimoja tu. Mtaalamu anayelijua hili akalificha kwa kuogopa kumuudhi mgonjwa, naye anamnyima haki yake.

Nakubaliana na hoja hiyo, ila naomba tutazame wale watu 454 walipewa nini. Walipangiwa mlo au mazoezi ya kusimamiwa, au vyote viwili, na watu wa kuwafuatilia kwa mwaka mmoja na nusu. Mama yule alipewa sentensi moja. Kuutumia ushahidi wa miezi 18 kuhalalisha sentensi ya mlangoni si haki. Isitoshe, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu ya goti hata mzani usiposogea, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwambia mtu apungue kwanza ndipo atibiwe. Kupungua kwenyewe kunategemea urithi, dawa anazotumia, usingizi na mengine mengi ambayo hakuyachagua.

Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2020 kuhusu tiba ya uzito uliopitiliza unashauri kuomba ruhusa kwanza: je, ungependa tuzungumzie uzito? Napenda swali hilo, lakini lina udhaifu. Mgonjwa aliyelala kitandani mbele ya mtu mwenye koti jeupe ni nadra kusema hapana. Ningependa liulizwe baada ya kiungo kinachouma kupimwa na kushughulikiwa, wakati mgonjwa ameshaona kwamba amesikilizwa, tena pale tu ambapo uzito unahusiana kweli na kilichomleta. Akikataa, tiba iendelee vile vile.

Halafu kuna vitu ambavyo lugha nzuri haitavirekebisha. Kiti chenye mikono kinachombana mtu nyonga. Vazi la uchunguzi lisilofunga mgongoni. Mkanda wa kupimia presha ambao ni mdogo kwa mkono husoma juu kuliko hali halisi, na mtu anaweza kuondoka ameambiwa ana presha asiyokuwa nayo. Wataalamu nao wana lalamiko la kweli: kumgeuza mgonjwa mzito peke yako kunaumiza mgongo, na waajiri wengi hawanunui vifaa vya kunyanyulia. Hilo lidaiwe kwa mwajiri. Na msaidizi akihitajika, aitwe kwa sauti ya chini kabla mgonjwa hajaingia, si kwa kupaza sauti ukumbini kwamba "huyu anahitaji watu wawili."

Mama yule hadi leo akivaa blauzi anaanza na mkono wa kulia, anauingiza polepole kwa kusaidiwa na wa kushoto. Nimemsihi aende kwa mtaalamu mwingine. Ananijibu kwamba atakwenda akishapungua.