Bango Kitita

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu 14 tunaozibua mitaro mtaani kwetu, hapa Tanga. Masika yakianza, maji huingia ndani bila hodi, yakakuta watu wamelala. Shida yetu ni toroli 5, machepe 10 na gambuti. Basi. Tuliposikia mfuko mmoja wa jamii, yaani ule unaochangwa na watu kwa faida ya eneo lao, unatoa ruzuku kwa vikundi vidogo, tukasema riziki imebisha hodi.

Kumbe imekuja na fomu ya kurasa 23.

Ukurasa wa kwanza, jina la kikundi. Tukajaza kwa mwandiko mzuri, tukapongezana. Wa pili umeandikwa: "Ambatanisha bango kitita." Mwenyekiti wetu ni mtu wa vitendo. Hakuuliza, alikwenda moja kwa moja kwa fundi wa maandishi akalipa kianzio cha shilingi 10,000 atengenezewe bango kubwa, rangi ya bluu, lenye picha ya mtaro. Hiyo elfu kumi haijarudi mpaka leo. Na bango tunalo, limeegemea ukuta wa banda la mhazini, kuku wanalala nyuma yake.

Bango kitita lenyewe ni jedwali. Lengo, viashiria, njia ya kuthibitisha, na mambo yanayoweza kukuvuruga. Kwenye matokeo tarajiwa nikaandika: "Maji yapite." Andiko likarudishwa, wanataka matokeo yanayopimika. Nikaandika: "Maji yapite mengi." Likarudi tena. Jamani, mtaro umeziba au haujaziba! Kwenye vihatarishi nikaweka "mvua", nikaulizwa tutaidhibiti vipi.

Tukaitwa semina. Hapo sitalalamika, chai ilikuwa na chapati. Mwezeshaji akatueleza kwamba mifuko ya jamii ilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914, mwanabenki mmoja aitwaye Frederick Goff alipochoka kuona fedha za matajiri waliokufa zimefungwa na wasia uliopitwa na wakati. Nikamwelewa sana bwana yule. Amewakomboa marehemu. Tuliobaki kukwama ni sisi tulio hai, tunatafuta mhuri wa mtendaji.

Maana viambatanisho sasa! Katiba ya kikundi, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao wenye saini za wote, taarifa ya benki, barua ya serikali ya mtaa. Saini za wote, na mwenzetu mmoja yuko Pemba kwenye karafuu. Kwa mtendaji nimekwenda mara nne, mara zote yuko semina. (Semina ya nini sijui, ila nahisi nayo ina chapati.) Steshenari wamenizoea, nikitokea tu yule binti anawasha mashine ya kutoa kopi.

Halafu hesabu zilizokaguliwa, za miaka 2. Mkaguzi akataja shilingi 400,000. Mfuko wetu wote ulikuwa na 217,500, tena kwenye kopo la maziwa. Mwezeshaji akatukumbusha na kanuni za 2018, kwamba asasi ikipata fedha zinazozidi milioni 20 izitangaze hadharani. Mhazini wetu huuza vitumbua. Nilipompelekea habari hiyo alicheka mpaka vitumbua vya kikaango kizima vikaungua. Hasara ile nayo tukaiweka kwenye bajeti, tukaambiwa si gharama halali ya mradi.

Pia wanataka mchango wa kikundi chenyewe. Mhazini akasema, "Katibu, andika migongo yetu." Nikaandika. Jibu likaja: migongo ithaminishwe kwa shilingi. Usiku ule tulikaa barazani tukikadiria mgongo wa mwenyekiti. Yeye akataka upewe bei ya juu kuliko yetu kwa sababu ya cheo, wakati kila mtu anajua tangu Ramadhani hajagusa chepe. Ugomvi ule ulichukua siku tatu, na ndio uliotuletea muhtasari mrefu kuliko yote niliyowahi kuandika.

Jana tumefika ukurasa wa 23. Swali la mwisho: "Fedha za ruzuku zitakapokwisha, kikundi kitajiendeshaje?"

Nikahesabu nauli, kopi, picha za pasipoti, kianzio cha bango. Kopo la maziwa likageuzwa juu chini, ikadondoka sarafu ya 200.

Mwenyekiti akakohoa. "Katibu," akasema, "waandikie hiyo sehemu tumeshaianza."