Njia ya Kwenda Tu Hupangwa Kuanzia Mwisho

Watu wengi wanaopanga safari ndefu ya miguu milimani, ile inayoanzia upande mmoja wa safu na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma, hujiuliza kwanza wataanzia wapi. Hutafuta kibali, hupanga kambi ya usiku wa kwanza, hupima uzito wa mikoba, hujaribu viatu, na habari ya mwisho wa njia huachwa mpaka watakapofika. Mimi nashikilia kwamba utaratibu huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Safari ya namna hii inafaa ipangwe kuanzia pale inapoishia, na maamuzi mengine yote, tangu upande wa kuanzia hadi kiasi cha chakula kinachobebwa, yatokane na hapo.

Sababu iliyo wazi zaidi ni usafiri. Anayetembea njia ya mzunguko hurudi alipoliacha gari lake. Anayetembea njia ya kwenda tu hutokea mahali asipopajua, mara nyingi jioni, amechoka, simu haina chaji au haina mtandao, na kati yake na alikoanzia umesimama mlima mzima. Barabara hazikatizi milima kama miguu inavyokatiza; huizunguka, kwa hiyo umbali ulioutembea kwa siku chache unaweza kuwa safari ya siku nzima kwa gari. Njia ninayoipendelea ni kulipeleka gari mwisho kabla ya safari, kupanda usafiri wa kukodi kutoka hapo hadi mwanzo, kisha kutembea kulielekea gari lako mwenyewe.

Kuna mahali ambapo jambo hili limekuwa utaratibu rasmi. Njia ya Tongariro Alpine Crossing nchini New Zealand, yenye urefu wa takriban kilomita 20, huanzia Mangatepopo na kuishia Ketetahi. Katika msimu wa watembeaji wengi, gari haliruhusiwi kukaa kwenye maegesho ya Mangatepopo zaidi ya saa 4, na kwa kuwa njia yenyewe huchukua muda mrefu kuliko huo, watu huegesha upande wa mwisho na kupelekwa mwanzo kwa basi dogo asubuhi. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa limewasaidia watembeaji zaidi ya ushauri wowote ulioandikwa kwenye vibao, kwa sababu ya jambo nitakalolieleza sasa, ambalo kwangu ndilo kiini cha mada yote.

Mtu anayesubiriwa kwa saa maalumu hubadilika. Akijua kwamba dereva atafika saa 10 alasiri na kwamba akichelewa gari litaondoka, huanza kuupima mlima kwa saa badala ya kuupima kwa macho. Mto uliofurika, ambao siku nyingine angekaa ukingoni mpaka maji yapungue, sasa anauvuka. Wingu jeusi lililotanda juu ya kigongo, ambalo lingemfanya apige hema mapema, sasa analipita mbio akitumaini litatawanyika. Gari lako lililoegeshwa mwisho halina saa. Ukichelewa usiku mmoja utalikuta palepale, na huo usiku mmoja wa ziada, unaogharimu mlo mmoja au miwili tu mkobani, ndio unaomwezesha mtu kufanya uamuzi wa busara mahali ambapo busara ni ghali. Pale ambapo haiwezekani kuliacha gari mwisho na ni lazima upatane na dereva, patana naye kwa siku inayofuata ile unayotarajia kumaliza. Ukifika mapema, utapumzika.

Halafu ni lazima uujue mwisho wenyewe, kwani mwisho wa njia kwenye ramani na mwisho wa safari ya miguu yako si lazima viwe mahali pamoja. Mfano mzuri ni John Muir Trail huko California, njia ya takriban kilomita 340 inayoanzia bonde la Yosemite na kuishia rasmi juu ya kilele cha Mount Whitney, mita 4,421 juu ya usawa wa bahari. Kileleni hapo hakuna barabara. Aliyekamilisha njia rasmi bado ana kilomita 17 hivi za kushuka hadi Whitney Portal, na mteremko wa zaidi ya mita 1,800. Aliyehesabu siku zake mpaka kileleni tu atakuwa na deni la siku nzima, na atalilipa akiwa na magoti yaliyochoka na mfuko wa chakula mtupu.

Mwisho ukishajulikana, swali la upande wa kuanzia hujibika kwa urahisi zaidi. Kwenye milima mirefu jibu hutolewa na mwinuko. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa na wengi ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kubaki palepale. Kwa hiyo upande unaopanda polepole ndio wa kuanzia, na upande wenye mteremko mkali ndio wa kutokea. Kilimanjaro hutumika hivyo: wanaopanda kwa njia ya Machame hupita mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco karibu na mita 3,960, ili mwili uonje mwinuko bila kulala juu yake, na wakitoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hushukia Mweka, njia fupi na kali iliyotengwa kwa kushuka. Mtu akiwaza kuigeuza safari hiyo ataona mara moja kwa nini haigeuzwi.

Kwenye njia ndefu mno, mwelekeo huamuliwa na majira. Wanaotembea Appalachian Trail yote, takriban kilomita 3,500 kutoka Springer Mountain katika jimbo la Georgia hadi Mount Katahdin katika jimbo la Maine, wengi wao huelekea kaskazini na kuanza mapema katika majira ya machipuko. Katahdin uko kaskazini, na kufikia katikati ya Oktoba hali ya hewa huko huwa imeanza kuharibika kiasi kwamba anayechelewa anaweza kuukuta mlima hauruhusiwi kupandwa. Tarehe ya mwisho ndiyo inayoamua tarehe ya kuanza, ingawa kati yake kuna miezi.

Hesabu ya mwendo nayo huenda kinyumenyume. Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa kwa kuanzia: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye kupanda mita 900 ni saa 4 na nusu, bila mapumziko, kwa mtu mwenye afya asiyebeba mzigo mzito. Mwenye hema na chakula cha siku kadhaa mgongoni aongeze nusu ya muda huo, na anayetembea juu ya mita 3,000 aongeze tena. Baadaye mpanda milima Eric Langmuir alirekebisha kanuni hiyo upande wa kushuka: mteremko wa wastani hukupunguzia dakika 10 kwa kila mita 300, lakini mteremko mkali hukuongezea dakika 10. Wanaodhani kushuka ni bure wangesoma hapo mara mbili.

Napenda kuifanya kazi hii mezani kwa uzi. Unalaza uzi juu ya ramani ya 1:50,000, unaufuatisha kila kona ya njia, kisha unaunyoosha kwenye rula, ambapo kila sentimita moja ni mita 500. Unaanza na siku ya mwisho. Tuseme basi la pekee linaondoka mwisho wa njia saa 8 mchana, na kutoka kambi ya mwisho kuna kilomita 15 za kushuka. Ukitenga saa 5 pamoja na mapumziko, unapaswa kuondoka kambini saa 2 asubuhi, ufike saa 7, na ubakiwe na saa nzima ya akiba. Kama kambi hiyo iko mbali zaidi, basi kambi ya mwisho lazima isogezwe, nayo ikisogezwa inaisukuma ile iliyotangulia, na kwa njia hiyo unarudi nyuma siku baada ya siku mpaka unalifikia lango la kuanzia. Anayepanga kwa kwenda mbele mara nyingi hujikuta siku zote zimekaa vizuri isipokuwa ya mwisho, ambayo hubeba mabaki yote.

Jambo ambalo njia ya kwenda tu inayo, na njia ya kwenda na kurudi haina, ni ile sehemu ambapo kurudi kunakuwa kurefu kuliko kuendelea. Kwa kilomita, sehemu hiyo ni katikati. Kwa uhalisi, mara chache huwa katikati. Ukishashuka ukuta wa miamba kwa mita 700, kurudi nyuma kunamaanisha kuupanda tena, hata kama mwanzo uko kilomita 10 tu na mwisho uko 30. Sehemu hiyo inapaswa kutafutwa kwenye ramani nyumbani na kuwekewa alama, na usiku unaoitangulia utumike kwa mazungumzo ya kweli: nani ana malengelenge, nani hajala vizuri, nani kichwa kinamuuma tangu mchana, mbingu zimekaaje. Maswali hayo yakiulizwa baada ya kuivuka, majibu yake hayana kazi tena. Mwenzako mwenye maumivu ya kichwa na kichefuchefu mwinukoni asipande hata hatua moja zaidi mpaka yaishe, na akianza kuyumba kama aliyelewa ashushwe mara hiyohiyo, usiku au mchana, kwa upande wowote ulio mfupi wa kushukia.

Ndiyo maana nazipenda njia zenye milango ya pembeni. GR20, inayokikata kisiwa cha Corsica kutoka Calenzana hadi Conca kwa takriban kilomita 180, inapita Vizzavona karibu na katikati yake, na Vizzavona kuna kituo cha treni. Aliyeshindwa na nusu ya kaskazini, ambayo ndiyo yenye miamba mikali zaidi, anaweza kutokea hapo kwa heshima na kurudi mwaka mwingine kuimalizia. Njia isiyo na mlango wa namna hiyo si lazima ikwepwe, ila inadai chakula cha akiba, kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, na kundi lisilo na mgeni wa milima. Kila bonde linaloshuka hadi kwenye barabara liandikwe kwenye ramani pamoja na saa zake, kwa kuwa mtu aliyeloa na kutetemeka hawezi kuhesabu vizuri.

Najua pingamizi. Wako wanaosema kwamba raha ya safari hizi ni kutojua utalala wapi kesho, na kwamba ratiba inayoshuka hadi saa ya basi inaugeuza mlima kuwa ofisi. Nawaelewa, maana nami huenda milimani kwa ajili ya uhuru huohuo. Lakini nimeona uhuru unakokaa. Aliyejua tangu nyumbani kwamba ana usiku wa akiba, kwamba gari lake linamsubiri bila kulalamika na kwamba bonde la kushoto lina njia ya kutokea, ndiye anayeweza kukaa kando ya ziwa mchana kutwa kwa sababu tu limempendeza. Asiyejua hayo hutembea na wasiwasi, na mwenye wasiwasi haoni ziwa.

Chakula na maji havihitaji maneno mengi: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo jua vijito viko wapi ili usibebe bure maji ambayo ungeyapata njiani, na chemsha au safisha maji hata yakiwa meupe kama kioo. Mito inayolishwa na theluji huwa na maji machache alfajiri na mengi jioni, baada ya jua kuyeyusha siku nzima. Kuvuka kukiangukia jioni kwenye ratiba yako, sogeza kambi. Vigongo navyo vipitwe kabla ya saa 6 mchana pale ambapo radi hupenda kupiga alasiri.

Siku ya mwisho ndiyo inayostahili umakini mkubwa kuliko zote, na ndiyo inayopewa mdogo zaidi. Miguu imezoea, mkoba umekuwa mwepesi, mazungumzo yamehamia kwenye mambo ya nyumbani. Hapo ndipo kifundo cha mguu hupinduka kwenye kokoto zinazoteleza, kwenye mteremko ambao siku ya kwanza kila mtu angeushuka kwa uangalifu. Kaza kamba za viatu upya kabla ya kuanza kushuka, kwa juu kwenye kifundo, ili mguu usiteleze mbele na vidole visigonge ncha ya kiatu. Usipofanya hivyo, kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi kabla hujafika chini. Refusha fimbo kidogo, fupisha hatua, tua kwa goti lililokunjika kidogo, na upumzike kabla hujahisi haja ya kupumzika.

Mtu mmoja asiye mlimani awe na nakala ya mpango huo wote: njia, kambi, milango ya pembeni, siku ya kumaliza, na saa ambayo asipokusikia ndipo apige simu kwa waokoaji. Saa hiyo iwekwe baada ya ule usiku wa akiba, asije akaitisha msako wakati wewe umelala salama ukisubiri mto upungue. Na ukishatokea kwenye mtandao, kabla ya kuvua viatu, mpigie umwambie umefika.