Msiulize upande wa mama peke yake
Mwandishi wa makala ya saratani ya matiti, umesema kweli: wanawake wengi ambao ukoo wao una saratani ya matiti hupimwa mara moja, wakaambiwa wako salama, wasirudi tena. Mimi ni wa Mkoani, Pemba, na hayo nayaona kwetu. Majibu mazuri ya mwaka huu hayamlindi mtu mwakani. Aliyerithi hitilafu katika jeni za BRCA1 au BRCA2, ambayo huongeza sana hatari ya saratani hii, hushauriwa kupigwa picha za matiti kila mwaka, tena aanze akiwa na miaka 25 hadi 30, asingoje 40 au 50 kama wengine.

Na jamani, hitilafu hiyo hupita hata kwa baba! Kila mtoto wa mzazi aliye nayo, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Shangazi zetu wanaumwa, nasi tunaulizwa habari za mama tu.

Halafu mwanamke wa Micheweni, huku kwetu Pemba, akiambiwa avuke bahari kwenda kupimwa Unguja au Dar es Salaam, ni nauli, ni ruhusa ya mume, ni watoto wa kumwachia mtu. Naiomba Wizara ya Afya: apewe tarehe ya kurudi kabla hajatoka kliniki, na ikipita, mhudumu wa afya wa shehia amfuate nyumbani.