Dar au Nairobi? Kwanza niambie mpaka umeuchora wapi

Kila baada ya muda ubishi huu unafufuka mitandaoni: Dar na Nairobi, upi mji mkubwa? Mtanzania anachomoa sensa ya 2022, Dar es Salaam watu 5,383,728. Mkenya anayo ya 2019, Nairobi 4,397,073. Zinafuata katuni za kucheka, na mjadala unahesabiwa umekwisha. Mimi ni mtu wa Dar, lakini ushindi huo naona haya kuupokea. Umetokana zaidi na ramani kuliko watu.

Hiyo 5,383,728 ni idadi ya mkoa mzima. Jiji la Dar es Salaam kwa maana ya kiserikali ni kitu kingine. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwepo ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Jiji. Sensa iliwakuta humo watu 1,649,912. Maana yake mkazi wa Sinza, Tandale au Mbagala, ukishika makaratasi, haishi jijini. Nenda Manzese kawaambie hivyo uone utakavyojibiwa. Mwanza nako ni yale yale: Jiji ni Nyamagana, na ukishuka uwanja wa ndege unakanyaga Ilemela, ambayo ni manispaa inayojitegemea. Dodoma imekwenda kinyume chake kabisa. Tangu ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, eneo lake ni kubwa kuliko mkoa wote wa Dar, na ndani yake kuna mashamba ya zabibu ambayo ukiyatembelea hutadhani uko jijini.

Tuseme basi tuchukue mkoa, maana ndio watu wengi wanaouita Dar. Nao una mawili. Upande wa Kigamboni unafika mpaka Kimbiji na Pemba Mnazi, kwa wavuvi, minazi na mikorosho, na wote hao wanahesabiwa sawasawa na mpangaji wa chumba kimoja Buguruni. Upande wa barabara ya Bagamoyo mkoa unakatika baada ya Bunju, na Mapinga tayari ni Mkoa wa Pwani. Ukipita pale kwa gari, bila kusoma bango hujui kama umevuka. Nyumba zinaendelea, maduka ya vifaa vya ujenzi yanaendelea, bodaboda wamejipanga vijiweni vile vile, na alfajiri makonda wanaita Makumbusho. Mtu wa Mapinga anafanya kazi Posta, ananunulia watoto nguo Kariakoo, jioni anakaa kwenye foleni ile ile ya Tegeta tunayoilaani sote. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 alilala kwake, basi akaandikwa mtu wa Pwani. Vikindu na Kibaha ni hivyo hivyo.

Sasa twende Nairobi. Kaunti ile ina kilomita za mraba kama 700 tu, karibu nusu ya mkoa wetu, na mji umeshafurika nje yake siku nyingi. Anayelala Rongai au Kitengela yuko Kajiado. Wa Mlolongo na Syokimau yuko Machakos. Wa Ruiru na Kikuyu yuko Kiambu. Asubuhi wote wanapanda matatu kuelekea mjini. Nilijumlisha miji mitano tu katika sensa hiyo hiyo ya 2019: Ruiru, Kikuyu, Mavoko, Ongata Rongai na Kitengela. Ukiiongeza kwenye idadi ya kaunti unapata zaidi ya milioni 5.8, na hapo Thika hatujaigusa. Tena hiyo ni miaka mitatu kabla ya sensa yetu.

Mbishi wa Dar atasema, na ana haki, kwamba kama Nairobi inaruhusiwa kubeba Kitengela, basi Dar ibebe Kibaha na Vikindu. Sawa, ibebe. Tofauti itakayobaki haitamtosha mtu kumcheka mwenzake. Ukinibana zaidi nitakuambia mji wenyewe wa Nairobi, ule unaoendelea bila kukatika, nadhani ndio wenye watu wengi. Najua nimejitafutia matusi.

Hata Umoja wa Mataifa wenye wataalamu wote wale haujakwepa tatizo hili. Ripoti yao ya miji ya 2018 iliiweka Tokyo kileleni kwa watu milioni 37, na Jakarta mbali kule chini ikiwa na milioni 10 na ushee. Ripoti ya 2025 ikaja na Jakarta namba moja, karibu milioni 42, Tokyo ya tatu. Hakuna watu milioni 30 waliohamia Jakarta katika miaka saba. Kilichobadilika ni kipimo. Mwanzo walikuwa wakitegemea sana mipaka ambayo kila nchi imejiwekea. Safari hii waligawa dunia katika miraba ya kilomita moja, wakaunganisha yenye watu 1,500 au zaidi inayogusana, bila kuuliza ni mkoa wa nani. Kwa kulinganisha nchi na nchi, napenda njia hii kuliko zote. Angalau wote wanapimwa kwa rula moja.

Ila rula haisaidii kama hakuna aliyehesabu. Kongo mara ya mwisho ilifanya sensa mwaka 1984, kwa hiyo kila idadi ya Kinshasa unayosoma leo ni makisio. Na pakihesabiwa, pesa na siasa huingia. Nigeria mwaka 2006 sensa ililipatia Jimbo la Lagos watu milioni 9.1, pungufu ya Jimbo la Kano. Serikali ya Lagos ikakataa, ikasema hesabu yake yenyewe ni milioni 17.5. Pale mgao wa fedha kutoka serikali kuu unategemea idadi ya watu, kwa hiyo usitarajie upande wowote kulegeza.

Kwetu namba inayonikera ni ya mwaka 2030. Karibu kila anayewasilisha mada kuhusu miji anakumbusha kwamba Dar itavuka watu milioni 10 ifikapo mwaka huo. Makadirio hayo yalikuwa kwenye ripoti ile ya 2018, ambayo tayari iliipa Dar watu milioni 6, idadi ambayo sensa haikuikuta hata miaka minne baadaye. Kati ya 2012 na 2022 mkoa ulitoka milioni 4.36 hadi 5.38, kasi ya asilimia 2.1 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, 2030 utakuwa na milioni 6.4 hivi. Waliotarajiwa na wasionekane kwenye hesabu hawakuyeyuka wote: wengi wamenunua viwanja Mapinga, Mkuranga na Kibaha kwa sababu ndani hakushikiki. Mipango ya barabara na mabomba ya maji ikiandikwa kwa mkoa mmoja mmoja, hao wanabaki katikati, Dar ikisema ni wa Pwani, na Pwani ikiwaona usiku tu.