Hubble ikizima, kivuli cha gesi tutakionea wapi?

Siku hizi darubini inayotajwa ni James Webb tu, na mimi naipenda kweli, ila kuna kazi haiwezi kabisa na darubini ya zamani ya Hubble inaiweza: kuona urujuanimno, yaani mwanga uliopita zambarau ambao macho yetu hayauoni. Na humo kwenye urujuanimno ndimo tulimoanza kuipata maada iliyokuwa haionekani.

Naongelea maada hii hii ya kawaida, ya atomu. Ukijumlisha nyota zote za galaksi zote hazifiki hata sehemu moja ya kumi yake. Mwaka 1999 Renyue Cen na Jeremiah Ostriker walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba nyingi iko nje ya galaksi, ni gesi iliyotanda kama utando wa buibui, joto lake kuanzia nyuzi laki moja mpaka milioni kumi. Shida ni nyembamba mno, kwenye mita moja ya ujazo unakuta atomu za kuhesabu kwa vidole, sasa utaionaje?

Unatafuta kivuli chake. Mtu akipita gizani mbele ya taa humuoni yeye, unaona mwanga umekatika, basi taa yetu hapa ni kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa mno, mwanga wake unasafiri mabilioni ya miaka na kila ukipita kwenye gesi unaliwa kidogo. Oksijeni iliyopoteza elektroni tano inakula mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 103.2 na 103.8, mapacha wawili, ukimpata mmoja lazima umtafute mwenzake, ukiwakuta wote na nafasi kati yao iko sawa, umeshaipata gesi. Todd Tripp, Blair Savage na Edward Jenkins waliwapata mwaka 2000 kwenye mwanga wa kwasa H1821+643 kwa kutumia Hubble. Mimi hilo bado linanisisimua mpaka leo!

Wapo wanaosema oksijeni ile inaweza kutokea hata kwenye gesi ya baridi kidogo, ikichomwa tu na mwanga wa kwasa nyingine. Hoja nzito, siikatai, ndiyo maana tunahitaji na neoni iliyopoteza elektroni saba, ambayo inataka joto zaidi. Halafu mwaka 2020 milipuko ya redio, yaani mawimbi ya redio ya ghafla na mafupi kutoka galaksi za mbali, ilipotumika kuhesabu maada yote, watu wakasema kesi imekwisha. Haijaisha jamani, redio inakupa idadi, haikwambii joto wala kuna oksijeni kiasi gani.

Sasa angahewa letu linazuia urujuanimno, lazima uende angani. FUSE, darubini nyingine ya urujuanimno, ilizimika 2007. Hubble imerekebishwa mara ya mwisho Mei 2009, ndipo ikafungwa COS, spektrografu yake, yaani chombo cha kuutawanya mwanga kwa urefu wa mawimbi yake (matokeo yake ndiyo spektra), na tangu Juni 2024 inajiongoza kwa jairo moja tu, kifaa cha kuhisi inavyogeuka. Mrithi anayepangwa na NASA ni wa miaka ya 2040. Na kigunduzi cha COS kinachakaa pale mwanga unapokipiga, inabidi wahamishe mwanga sehemu mpya kila baada ya muda. Kwa hiyo mimi nasema saa zilizobaki wazipe kwasa kwanza, hasa zile ambazo hazijawahi kupimwa, maana spektra ikishapatikana watu wataichambua hata Hubble ikiwa imeshazima.