Msimfunike mtoto na sufuria la moto

Wiki mbili zilizopita, saa tatu usiku, mtoto wa jirani alilia kilio ambacho si cha kudeka. Nikakimbilia kwao. Blanketi limelowa sakafuni, majani ya mwarobaini na mchaichai yametapakaa, na kijana wa miaka mitatu paja lake linatoka malengelenge. Alikuwa na mafua. Mama yake alimfunika juu ya sufuria lililoipuliwa likitokota, joto likamzidi, akarusha mguu.

Bibi yake alishaanza kumpaka dawa ya meno. "Bibi, naomba tuifute, tumpeleke bombani," nikamwambia. Tukamwagia maji ya bomba dakika 20, ndipo tukampeleka hospitali.

Mama yule simlaumu. Alifanya alichofanyiwa utotoni, na tangu korona ilipoingia mwaka 2020 kila mtu hapa Dar alihimizwa kupiga nyungu, yaani kujifukiza hivyo. Ila neno hili nalisema kwa uchungu: nyungu si ya mtoto. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, maji ya moto huiunguza haraka na kwa kina kuliko yako. Chini ya blanketi kuna giza, anakosa pumzi, anaogopa. Atatulia vipi? Na mvuke wenyewe unampa nini? Virusi vya mafua hauviui. Tafiti zilizolinganisha waliovuta mvuke na wasiovuta hazijaonyesha faida ya uhakika. Unamwingiza mwanao kwenye hatari ya kovu la maisha kwa ajili ya ugonjwa ambao mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya siku saba hadi kumi!

Haya, nakubali, hata mimi pua ikiziba huinamia bakuli la maji ya moto, na kwa dakika chache napata nafuu. Mimi ni mtu mzima, bakuli liko mezani na ninajua kukaa mbali nalo.

Chai ya tangawizi na limau, kunyweni. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala kweli hutuliza kikohozi, lakini aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake. Amoksisilini ya duka la dawa haitibu mafua.

Kwa pua ya mtoto, chemsha maji yapoe, glasi moja weka chumvi robo kijiko cha chai, mdondoshee tone moja moja. Anyonyeshwe, anywe uji mwepesi na supu. Kisha mtazame kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, mpeleke kituo cha afya. Hali kadhalika kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa. Hapo usingoje kupambazuke.

Jana nilipita kumjulia hali yule kijana. Mama yake ananiambia mafua yalikwisha siku ya nane, na baada ya usiku ule hakuna aliyemfukiza tena. Mguu bado una bandeji, na akisikia sufuria likitokota jikoni anakimbilia nje.